Umemaliza chuo na unataka kazi ya NGO? Kaa hapa kidogo tuongee

Leo siasa tunaziweka pembeni.

Niseme ukweli mapema ili msije mkanishukia baadaye: mimi chuo sijasoma. Nilimaliza form six 2021, hela ya kuendelea haikuwepo, nikaishia hapo. Mtu atauliza, sasa wewe utawaeleza nini wenye digrii zao? Subiri. Nafanya kibarua kwenye kafe moja hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kazi yangu ni kuchapa, kuskani, kutoa kopi na kuwafungulia watu akaunti kwenye portal za ajira. CV za wasomi zinapita mikononi mwangu kila siku ya Mungu. Ile sentensi ya "ninajituma na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa" nimeichapa mpaka vidole vinaijua vyenyewe. Najua nani ameomba wapi, ameomba mara ngapi, na uso wake unakuwaje akifungua imeili na kukuta hamna kitu.

Na nina dada. Nitamfikia.

Wanaokuja kafe kutafuta kazi za NGO wako wa aina mbili. Kuna wanaotaka lile Land Cruiser jeupe, semina ya hotelini na posho. Siwalaumu, kila mtu na njaa yake, ila makala hii si yao. Halafu kuna wale waliosoma maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, uuguzi, kilimo, sheria, wanakwambia kabisa, "Mi nataka kazi ambayo nikirudi nyumbani jioni najua kuna mtu nimemsaidia." Hawa ndo naandika kwa ajili yao, manake ndo wanaoumizwa zaidi. Anayetaka hela tu akionewa anaondoka zake. Anayeipenda kazi anabaki hapo hapo, anaendelea kuonewa.

Dada'angu alimaliza digrii ya maendeleo ya jamii 2022. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo akapata nafasi ya kujitolea kwenye shirika moja (jina nalihifadhi). Barua ilisema miezi mitatu, atapewa nauli ya kwenda vijijini na posho ya 5,000 kwa kila siku anayotoka. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri mno. Mtakumbuka Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi darasani, na ukatoka waraka wa elimu wa kueleza hilo. Sasa tangazo ni tangazo tu. Binti aliyejifungua yuko kijijini ndani ndani huko, baba yake kanuna, mtoto ananyonya, na mwalimu mkuu mwingine hata huo waraka hajausoma. Kazi ya dada'angu ilikuwa kwenda kwenye hizo nyumba. Anakaa na baba mtu, anakunywa uji, anasikiliza matusi, anaaga kwa adabu, anarudi wiki inayofuata. Msichana wa kwanza kurudi shule alimpigia simu mama yetu, akamwambia asante kwa kutuzalia dada. Mama alilia siku nzima.

Ile miezi mitatu ikawa sita, ikawa mwaka. Barua mpya haikutoka. Kila akiuliza anaambiwa "mradi mpya unakuja, vumilia kidogo." Ripoti anaandika yeye, jina linawekwa la mwingine. Nauli ikaanza kuchelewa, akawa anakopa kwa mama, ambaye anauza vitumbua asubuhi. Yaani mama muuza vitumbua ndo akawa mfadhili wa shirika! Na nembo yake kwenye bango hawakuiweka. Dada alikaa hivyo miaka miwili na miezi miwili.

Kujitolea si kitu kibaya jamani, tusije tukaelewana vibaya. Lakini kujitolea kwa kweli kuna tarehe ya kuisha, kuna kazi maalumu inayojulikana, kuna mtu wa kukufundisha, na nauli haitoki mfukoni kwako. Siku hizi mtu akija kafe na barua ya kujitolea huwa namuuliza swali moja: ukiacha kwenda kesho, kazi pale itasimama? Akisema ndiyo, namwambia ndugu yangu, wewe ni mfanyakazi, ila hulipwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake maelezo ya maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Ukiitwa "volantia" yote hayo yanayeyuka. Ndo maana hilo neno linapendwa sana na wengine.

Hili jambo la msomi kulitumikia taifa kwa hela kidogo si jipya hapa kwetu. Mwaka 1966 serikali ilitaka wahitimu watumikie taifa miaka miwili, muda fulani kambini JKT, na muda uliobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar wakagoma, tarehe 22 Oktoba wakaandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, halafu akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tulivyosimuliwa shuleni nilikuwa upande wa Mwalimu moja kwa moja. Watoto wa wakulima wanasomeshwa bure halafu wanagomea kuwatumikia wakulima! Bado nadhani alikuwa na hoja. Ila siku hizi nikiangalia foleni hapa kafe nawaza kitu kingine: wale wa 1966 walikuwa na mshahara wa kukatwa. Kazi zilikuwa zinawasubiri. Wa kwetu wanaombwa kujitolea kabla hawajajua mshahara unafananaje.

Haya, tuje kwenye hela, manake usipojua hela ya NGO inatembeaje utakaa unalaumu wachawi.

Shirika halina duka. Halina mazao. Linaandika andiko, linapeleka kwa mfadhili, mfadhili akikubali anatoa hela ya mradi kwa muda fulani, mara nyingi miaka mitatu au mitano. Mara nyingi hela inapita kwanza kwenye shirika kubwa, kubwa linalipa dogo la huku mkoani, dogo ndo linakulipa wewe. Bajeti ya mishahara inakuwa imeshaandikwa humo ndani tangu mwanzo: maafisa mradi wawili, mhasibu mmoja, mtu mmoja wa ufuatiliaji na tathmini, dereva. Hao watu watano wakishapatikana mlango umefungwa mpaka mradi uishe, hata ukaombe kwa machozi. Kwa hiyo wenzangu mnaopeleka CV katikati ya mradi, mnapeleka kwenye chumba kilichojaa. Ajira zinatoka mwanzoni. Ukisikia redioni mkuu wa mkoa anaenda kuzindua mradi wa miaka mitano, usisubiri tangazo lifike kwenye grupu la WhatsApp. Tafuta mradi ni wa nani, nenda na bahasha yako wiki hiyo hiyo. Kuna kijana namjua alipata kazi kwa mtindo huo, kwa kusikiliza taarifa ya habari tu.

Na jambo la pili, kazi ya mradi inakufa na mradi, au hata kabla. Hili tulilishuhudia wote. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache barua za kusitisha kazi zikaanza kufika huku kwetu. Miradi ya UKIMWI iliyokuwa inaendeshwa kwa hela za PEPFAR, ambayo ilianza 2003, ikayumba. Tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe ikafungwa rasmi. Wiki ile ya mwisho wa Januari kafe ilijaa watu ambao sikuwahi kuwaona: watu wazima, mashati yamenyooshwa, kadi za ofisi bado shingoni, wanaomba nisahihishe CV ambazo mara ya mwisho ziliguswa miaka minane iliyopita. Mmoja aliniomba nimwekee neno la siri ya imeili mpya kwa sababu ile ya ofisi ilikuwa imeshazimwa. Shirika la dada'angu nalo lilikuwa linaishi kwa hela za mnyororo huo huo. Kwake yeye hapakuwa na barua ya kusitisha. Volantia anasitishiwa nini? Alifika asubuhi akakuta geti lina kufuli, mlinzi akamwambia "hata mimi sijalipwa."

Siandiki haya kuwatisha. Naandika ili ukienda kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, usiseme sina. Uliza mradi unaisha lini. Uliza mfadhili ni nani na kama wanaye zaidi ya mmoja. Uliza bosi wako wa moja kwa moja ni nani na barua ya kazi unaipata siku gani. Shirika zuri halichukii maswali hayo, linafurahi kwamba umekuja na akili. Lililo baya litakwambia "wewe inaonekana unaangalia sana maslahi." Hapo chukua nauli yako.

Sasa kazi zenyewe ziko wapi? Wengi wanaishia kwenye tovuti za matangazo na Ajira Portal (ile ni ya serikali, kuomba ni bure, msikubali mtu awauzie). Ila kuna sehemu moja hakuna anayekwenda: ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. NGO zinasajiliwa na Msajili kwa sheria ya mwaka 2002, na kila mwaka zinatakiwa kupeleka ripoti. Sasa maafisa maendeleo ya jamii wa mikoa na wilaya ndo wasajili wasaidizi. Yaani yule mama mwenye ofisi yenye mafaili mpaka dirishani anajua mashirika yote yanayofanya kazi wilayani kwake, yaliyo hai na yaliyokufa, na yenye jina kubwa lakini uwanjani hayaonekani. Ukimwamkia vizuri, ukamweleza umesoma nini, atakutajia mashirika ambayo hujawahi kuyasikia. Na kama shirika limekuita kazini na una wasiwasi nalo, pale pale unauliza kama limesajiliwa.

Halafu tuache kudharau vya jirani. Hapa Moro, kwenye eneo la SUA, kuna shirika la APOPO, lipo tangu 2000. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Tunawacheka, eti wafuga panya. Panya mmoja aliyefundishwa hapa hapa, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Kwa upande wa TB, wenyewe wanasema panya anapitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo kwa mtu wa maabara inaweza kula mpaka siku nne. Ina maana kuna mgonjwa aliambiwa hospitali hana kitu, panya akasema anacho, akatafutwa, akapewa dawa, akapona. Wanaowafundisha hao panya ni Watanzania wenzetu, wanaamka alfajiri, kazi yao ni uvumilivu. Sisemi kila mtu aende pale, nafasi zenyewe ni chache. Nasema tu, nimechapa mamia ya CV za "kuisaidia jamii" na hakuna hata moja iliyoandikiwa pale. Zote zinaenda Dar.

Chama cha Msalaba Mwekundu nacho, kimeundwa kwa sheria ya 1962, kina matawi mikoani na kinachukua watu wa kujitolea. Hapo mshahara usitegemee, ila unafundishwa huduma ya kwanza na namna ya kufanya kazi kwenye maafa, na hicho ni kitu cha kuandika kwenye CV. Wakati maporomoko ya tope yalipoua watu zaidi ya 80 kule Katesh, wilaya ya Hanang, Desemba 2023, watu wao wa kujitolea walikuwepo. Umoja wa Mataifa nao una UNV, mpango wake wa kujitolea. Wengi hawajui kwamba huko volantia anapewa posho ya kujikimu kila mwezi na bima ya afya, na kuna nafasi za vijana wa miaka 18 mpaka 26 kufanya kazi ndani ya nchi yao wenyewe. Unajiandikisha mtandaoni bure. Ona sasa, hao wanaita kujitolea na bado wanalipia nauli na chakula chako. Kwa hiyo inawezekana!

Tena kuna hii ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali iliizindua Januari 2024, lengo ni wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, nchi nzima. Unapendekezwa na watu wa mtaa au kitongoji chako, unapewa mafunzo, unapita nyumba kwa nyumba. Haihitaji digrii, ndo maana wenye digrii wanaipita kama hawaioni. Mimi nisiye na digrii niliitazama kwa macho mawili, ila mkutano wa mtaa ulifanyika siku niko kafe. Ndo hivyo.

Kidogo kuhusu matapeli, manake roho inaniuma. Mwaka jana kijana alinijia anataka nimchapie barua ya ajira ya "Umoja wa Mataifa" aliyotumiwa WhatsApp, ina mhuri na bendera na kila kitu. Alitakiwa atume 65,000 kwa simu ili "faili lake lifunguliwe." Nikamwambia UN hawatozi hela kwa mwombaji kazi, hatua yoyote ile, na wameandika hivyo kwenye tovuti zao zenyewe. Akanyamaza. Nikajua kashatuma. Ilikuwa ni hela ya mbuzi wa babu yake. Niliichapa ile barua bure, nikamwambia aende nayo polisi, sijui kama alienda.

Na CV jamani. Toeni ile "ninajituma." Wekeni mlichofanya, kwa hesabu. Dada'angu CV yake ya kwanza ilisema "nimeshiriki katika uhamasishaji wa jamii kuhusu elimu ya mtoto wa kike." Mtu ataelewa nini hapo? Tulikaa usiku mmoja tukaibadilisha: ametembelea familia 38 katika vijiji sita, wasichana tisa wamerudi shule, saba bado wapo darasani. Alikuwa hajawahi kuwahesabu. Alipomaliza kuhesabu alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema wale wawili walioacha tena anajua walipo, ngoja aende Jumamosi. Kwa nauli yake, wakati huo hana kazi.

Aprili mwaka jana lile shirika la zamani lilimpigia. Wamepata mfadhili mwingine, arudi "kama zamani." Nilimwona anavyotaka kukubali, usoni kabisa. Wale wasichana wako kwenye vijiji vile vile. Tulibishana mpaka mama akaingilia. Mwisho akawajibu kwa maandishi: atarudi kwa mkataba, nauli ilipwe kabla ya safari, na ripoti anazoandika ziwe na jina lake. Hawakujibu mpaka leo.

Akaenda halmashauri, kwa yule mama wa mafaili. Akapewa majina ya mashirika manne. Mawili yalikuwa hayana nafasi, moja ofisi ilishahama, la nne ni dogo, watu sita tu, liko wilayani Kilosa na wanafanya kazi hiyo hiyo ya kurudisha watoto shule. Wamempa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara wenyewe, mshikaji wangu wa duka la simu anamzidi. Lakini upo kwenye karatasi.

Mwezi wa kwanza alipopokea alikuja nao kafe nimtolee kopi ya salary slip. NSSF wamekata. Bodi ya Mikopo wamekata asilimia 15 yao. Mama alipoiona akauliza kwa hasira, "Mbona wamekukata hivi?" Dada akaichukua, akaiangalia tena, akacheka. Ile kopi ameibandika ukutani juu ya kitanda.